Samaki Asiye na Mwenyewe



Chuoni kwetu wako wanafunzi arubaini na kitu, na kila mwezi zikifika siku za bamvua hupungua wakabaki nusu. Maji yakipwa sana mwamba huwa mkavu, na watoto hufuatana na mama zao kwenda kuchokoa pweza. Mimi siwagombezi kwa hilo. Hata sisi tulikuwa hivyo hivyo, na maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituruhusu kwa sharti kwamba sehemu yake isisahauliwe. Mwaka jana nilikutana na kijana mmoja wa chuoni akipanda kutoka pwani, ametunga pweza watano katika kijiti. Wa mwisho hakuzidi kiganja cha mkono wangu. Nikamwuliza, "Mwanangu, na huyu naye umemchukulia nini? Hata mchuuzi hatampima." Akainamisha macho, akanijibu kwa adabu: "Maalim, ningemwacha, nyuma yangu angepita mwengine akamchukua."

Nilikuwa nimekwisha tayarisha waadhi juu ya pupa, nikaumeza. Kwani alilolisema yule mtoto lilikuwa kweli tupu. Lau angemwacha, pweza yule asingepata hata wiki moja ya kukua. Angechukuliwa na mtu mwingine jioni ile ile, na hasara ya kumwacha ingekuwa ya mwanafunzi wangu peke yake. Hakuwa na pupa zaidi ya wenziwe. Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa.

Hesabu hiyo hiyo, ilipopigwa na watu wazima wenye meli na viwanda na wizara, ndiyo iliyomaliza samaki katika mahali palipokuwa pakisifiwa kwa samaki kuliko karibu pote duniani. Nimeisoma tarikhi ya mahali hapo mara nyingi, na kila nikiisoma humwona yule kijana na kijiti chake. Basi nataka kuieleza kwa urefu kidogo.

Mashariki ya Kanada, katika bahari ya Atlantiki, kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Newfoundland. Mbele yake, kuelekea bahari kuu, ardhi ya chini ya maji imeinuka ikafanya mafungu mapana sana, na juu ya mafungu hayo mkondo wa baridi utokao kaskazini hukutana na mkondo wa joto utokao kusini. Maji ya namna hiyo hujaa chakula, na penye chakula samaki hukusanyika. Mkubwa wao ni samaki ambaye jina lake la Kiingereza, tukilitamka kwa ulimi wetu, huwa "kodi", na neno hilo kwetu lina shughuli nyingine. Kwa kuwa ana mdomo mpana na nyama nyeupe kama chewa wetu, nitamwita chewa wa kaskazini, ingawa si jamaa yake.

Mwaka wa 1497 baharia wa Kiitalia, Giovanni Caboto, aliyetumwa na mfalme wa Uingereza, alifika pande hizo. Aliporudi, mjumbe mmoja wa mtawala wa Milan aliyekuwa London alimwandikia bwana wake barua katika Desemba ya mwaka ule, akimpasha habari aliyoisikia: kwamba samaki wa huko huchukuliwa hata kwa kapu lililofungwa jiwe likazamishwa. Habari kama hiyo haikai siri. Wareno, Wafaransa, Wabaski na Waingereza wakaanza kuvuka bahari kila msimu wa joto, wakivua, wakitia chumvi na kuanika. Samaki aliyekauka vizuri aliuzwa Hispania, Ureno na Italia. Aliyeharibika alipelekwa visiwa vya Karibi kulishwa watumwa wa mashamba ya miwa. Sisi watu wa mwambao biashara ya namna hii tunaifahamu, kwani wazee wetu walikula papa mkavu aliyeletwa na majahazi ya Uarabuni yakija na upepo wa kaskazi. Lakini huko ilikuwa kwa kiasi kikubwa zaidi, na miji mizima ilijengwa juu ya mgongo wa samaki mmoja.

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia nne watu walivua, na chewa hakwisha. Yafaa tujiulize kwa nini. Wengine hudhani watu wa zamani walikuwa na kiasi na uchaji kuliko sisi. Mimi siamini hivyo, walikuwa na tamaa kama wana wa Adamu wengine. Jambo lililomlinda samaki lilikuwa jingine. Chewa wa kaskazini wakati wa baridi hukaa mbali, katika vilindi karibu na ukingo wa mafungu, ndiko anakozalia; wakati wa joto huja ufukweni akifuata samaki wadogo. Mvuvi wa ndoana na mashua yake alimpata anapokuja, wala hakuweza kumfuata alikotoka. Barafu, dhoruba na kina cha maji vilikuwa walinzi wasiolipwa mshahara. Pale vilindini palikuwa na hifadhi, na hapana aliyejua kuwa ni hifadhi kwa sababu hapana aliyeiweka.

Ndiyo maana mwanachuoni mkubwa wa Uingereza, Thomas Huxley, aliposimama katika maonyesho ya uvuvi ya London mwaka wa 1883, aliweza kusema kwamba samaki wa bahari kubwa, na chewa huyu akiwamo, pengine hawawezi kumalizika, na kwamba lolote tufanyalo halipunguzi idadi yao kwa kiasi cha kuonekana. Kwa insafu niseme kwamba alitia sharti: alikuwa akinena juu ya namna za kuvua zilizokuwapo wakati wake. Waliomnukuu baada yake walilichukua neno wakaliacha sharti.

Namna ya kuvua ikabadilika mwaka wa 1954. Mwaka huo iliingia baharini meli ya Kiingereza iitwayo Fairtry, ambayo haikuwa mashua ya uvuvi kama watu walivyoizoea, bali kiwanda kinachoelea. Ilikokota wavu mkubwa, ikaupandisha kwa nyuma, na humo humo ndani samaki akapasuliwa, akatolewa mifupa na kugandishwa kwa barafu, usiku na mchana, majuma kwa majuma bila kurudi bandarini. Warusi wakaiga, wakajenga nyingi. Wakafuata Wajerumani, Wahispania, Wareno, Wapolandi na wengineo. Sasa vile vilindi vya baridi, alikokuwa samaki amejificha akizaa, vikafikika. Mwaka wa 1968 walivuliwa chewa wa kaskazini kiasi cha tani 810,000. Hawajapata kuvuliwa wengi hivyo katika mwaka mmoja kabla ya hapo wala baada ya hapo. Miaka kumi baadaye, katika 1978, zilipatikana tani 139,000 tu.

Hapa ndipo elimu ya uchumi inapoingia. Mwaka ule ule wa 1954, mtaalamu wa uchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliandika makala iliyoeleza kwa nini wavuvi huwa maskini juu ya bahari tajiri. Nitaieleza kwa mfano wangu mwenyewe. Tuseme uko mwamba unaotoa samaki wa shilingi milioni moja kwa mwezi, na gharama ya kila chombo, mafuta, nyavu na posho ya mabaharia, ni shilingi elfu hamsini. Wakivua watu wa vyombo vinane, gharama yao yote ni laki nne, na laki sita ni ziada, ambayo ni zawadi ya mwamba wenyewe. Lakini ziada haina siri zaidi ya kapu la Caboto. Mtu wa tisa ataingia, na wa kumi, na wa kumi na tano, maana kila mmoja aona bado iko faida. Wataacha kuingia lini? Watakapofika ishirini, wakati milioni yote imeliwa na gharama. Mwamba ni ule ule, kazi imezidi maradufu, na hapana aliyefaidika ila muuza petroli na muuza nyavu. Na hapo nimefanya hisani ya kusema kwamba mwamba bado watoa milioni moja. Ukichokorwa na watu ishirini hautatoa hata nusu yake.

Kiini cha jambo, kama alivyoona Gordon, ni kwamba samaki aliyeachwa majini hana thamani kwa yule aliyemwacha, kwa sababu hana dhamana ya kumkuta kesho. Sisi tuliosoma vyuoni jambo hili tumelipitia kwa mlango mwingine: katika fiqhi samaki wa baharini ni mubaha, hana mwenyewe mpaka aingie mkononi mwa mvuvi. Milki inapatikana kwa kuvua, haipatikani kwa kuacha. Hukumu hiyo ni ya haki kabisa pale samaki ni wengi na mikono ni michache. Wakati mikono inapokuwa mingi, kila mwenye kuacha anamwachia mwenziwe.

Wakanada hawakumwona Gordon kuwa nabii wa nyumbani, lakini waliona meli za kigeni kila usiku zimewasha taa mbele ya pwani yao kama mji. Tarehe 1 Januari 1977 serikali yao ikatangaza kwamba maili 200 za bahari kutoka pwani ni mamlaka yake. Meli nyingi za kigeni zikaondoka ndani ya mpaka huo. Newfoundland watu walishangilia. Samaki sasa amepata mwenyewe, ni dola, na dola ina wataalamu, ina meli za ulinzi, ina sheria.

Nakuomba, ndugu msomaji, usimame hapa kidogo, maana mambo yaliyofuata si ya wageni.

Kwanza, furaha yenyewe ilileta maafa. Mabenki yakakopesha, serikali ikasaidia, viwanda vikajengwa katika kila hori, kampuni za nchi zikanunua meli zao wenyewe za kukokota nyavu, na idadi ya walioandikishwa kuwa wavuvi ikazidi maradufu katika miaka michache. Walioondoka walikuwa Warusi na Wahispania. Hesabu ya mwamba ilibaki ile ile, ila sasa ilipigwa na wananchi. Kufikia 1982 kampuni kubwa zilikuwa taabani kwa madeni, na serikali ikazinusuru kwa fedha za umma. Sasa serikali ilikuwa mlinzi wa samaki na pia mdhamini wa wale wanaotaka kumvua. Mtu aliyekabidhiwa shamba la yatima huku akiwa na deni kwa mnunuzi wa mazao, hukumu yake mwaijua.

Pili, walikosea kuhesabu. Samaki hahesabiwi kama mbuzi zizini, hukisiwa. Wataalamu walikuwa na vipimo viwili: meli yao ya uchunguzi iliyotupa wavu mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, na habari za meli za biashara, kwamba kwa saa moja ya kukokota zimepata kiasi gani. Kipimo cha pili kilikuwa kikipanda, wakafurahi. Lakini nahodha wa meli ya biashara hatupi wavu kwa bahati nasibu. Ana mitambo ya kusikilizia chini ya maji, na hufuata kundi lilipo. Na chewa, kadiri alivyopungua, ndivyo walivyozidi waliobaki kusongamana pamoja. Ni kama kisima wakati wa kiangazi: maji yakipungua, vyura wote hukusanyika katika dimbwi moja, na mtu akichovya ndoo pale atasema vyura mwaka huu wamezidi. Kwa hesabu hiyo kiwango cha kuvua kilipandishwa mwaka hadi mwaka, kikafika tani 266,000 katika 1988.

Tatu, wako walioona mapema, wala hawakusikilizwa. Wavuvi wadogo wa pwani, wale wa mashua na mitego, tangu katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakisema kwamba samaki wanaokuja ufukweni ni wachache na ni wadogo. Wataalamu waliwajibu kwamba huenda maji ya baridi ndiyo yaliyomzuia samaki kuja. Mwaka wa 1986 chama chao kikawaomba wanabiolojia wa chuo kikuu cha pale kisiwani waikague hesabu ya serikali, nao wakasema ina makosa. Mimi nimekaa na wavuvi umri wangu wote, najua kuwa maneno yao yana chumvi na si ya baharini tu. Lakini mtu ambaye kila alfajiri hupima samaki kwa mkono wake ana elimu, na elimu isiyoandikwa kwa takwimu haikuwa na mlango wa kuingilia wizarani.

Mwaka wa 1989 wataalamu wenyewe, baada ya kurekebisha hesabu, walishituka. Kwa kanuni waliyokuwa wakiifuata, kiwango kilipasa kushushwa mpaka tani 125,000. Waziri hakuweza. Viwanda vingefungwa, watu wangepiga kelele, na kura zingekwenda kwingine. Kikawekwa kiwango cha tani 235,000. Nimelifikiri sana jambo hili, na simwoni waziri yule kuwa mtu mwovu. Alikuwa katika hali ya mwanafunzi wangu: akiacha leo, faida ya kuacha itakuja baada ya miaka sita au saba, chewa hao wadogo watakapokua na kuzaa, na wakati huo atakayepongezwa ni waziri mwingine.

Tarehe 2 Julai 1992 ikatoka amri ya kusimamisha uvuvi wa chewa wa kaskazini. Waziri wa wakati ule, John Crosbie, alikuwa mwenyewe mzaliwa wa Newfoundland. Siku moja kabla, wavuvi walimzunguka kwa hasira katika bandari ndogo, naye akawajibu kwa ukali kwamba si yeye aliyewatoa samaki majini. Siku ya pili, alipokuwa akisoma tangazo katika hoteli ya mji mkuu, wavuvi waliozuiliwa nje walijaribu kuuvunja mlango. Watu kiasi cha 30,000 walikosa kazi kwa tangazo hilo moja. Waliambiwa ni kwa miaka miwili. Samaki waliokomaa, kwa makisio ya baadaye, walikuwa wamebaki takriban sehemu moja katika mia ya waliokuwapo zamani. Nao wataalamu wanakubali kwamba miaka ile maji yalikuwa ya baridi kupita kawaida, na baridi nayo ina sehemu yake katika hasara. Lakini baridi ilikuwapo pia katika karne zilizopita, na ilikuta samaki wengi wa kuivumilia.

Miaka miwili ikawa kumi, ikawa ishirini, ikawa thalathini. Serikali ililipa posho na kuwafundisha watu kazi nyingine; mpango mmoja tu, ulioanza 1994 ukamalizika 1998, ulitengewa dola za Kanada bilioni 1.9. Vijana wakahama. Hesabu ya watu wa 1991 ilikuta wakazi 568,000 hivi, ile ya 2001 ikakuta 513,000. Kisha likatokea jambo ambalo wachumi hupenda kulitaja: chewa alipokwisha, kamba na kaa aliokuwa akiwala wakaongezeka, na thamani ya mavuno ya bahari ya Newfoundland ikapanda kuliko zamani. Fedha ilirudi, ila haikurudi katika nyumba zile zile, kwani uvuvi wa kaa unataka watu wachache wenye leseni na vyombo vizuri.

Mwezi wa Juni 2024, baada ya miaka 32, serikali ya Kanada iliondoa ile amri na kuweka kiwango cha tani 18,000. Iliyotangulia kubadilika ilikuwa tathmini ya wataalamu ya mwaka wa 2023, ambayo ilikibadili kipimo chenyewe cha kuamua samaki yuko katika hatari au hayuko. Wako wataalamu waliosema ni mapema.

Basi huenda msomaji akasema: kosa ni kwamba dola ni mwenyewe asiye na uchungu, lau samaki wangepewa mtu mmoja awamiliki, angewatunza kama mtu anavyotunza minazi yake. Wengi wamesema hivyo. Lakini mwaka wa 1973 mtaalamu wa hesabu wa Kanada, Colin Clark, alionyesha jambo la kuogofya. Alichukua mfano wa nyangumi. Nyangumi huzaa polepole mno. Ikiwa mali yake huongezeka kwa sehemu mbili au tatu katika mia kwa mwaka, na benki inatoa riba ya sehemu saba au nane, basi mwenye nyangumi, akifuata faida peke yake, atawaua wote, awauze, na fedha aziweke benki. Hapana aliyemlazimisha, hapana jirani wa kumwahi. Ni hesabu ya riba tu. Sisi tuliofundishwa kuiogopa riba katika mkataba wa watu wawili, yatupasa tuone kwamba inaweza kuingia hata baina ya mtu na mnyama wa baharini. Na mwenye njaa hahitaji benki. Njaa yake ndiyo riba, tena ya juu kabisa, kwa kuwa pweza wa leo kwake ana thamani kuliko wanne wa mfungo ujao.

Kuna nchi iliyojaribu njia ya kugawana, nayo ni Iceland, taifa dogo linaloishi kwa samaki. Walisukuma mpaka wao wa bahari kutoka maili 4 mwaka wa 1952 mpaka 12 katika 1958, 50 katika 1972 na 200 katika 1975, na kila mara waligombana na Waingereza, mashua zao za ulinzi zikikata kamba za nyavu huku manowari za Kiingereza zikiwagonga ubavuni. Walipokwisha shinda wakaona kwamba wao wenyewe wanatosha kummaliza chewa. Tangu 1984 kila chombo kikapewa mgao wake, na sheria ya 1990 ikaruhusu mgao kuuzwa na kununuliwa kama kiwanja. Mwenye mgao hana haja ya kukimbilia samaki, sehemu yake iko. Mwaka wa 2007 serikali yao ilipoambiwa na wataalamu ipunguze, ilikata kiwango cha chewa kutoka tani 193,000 mpaka 130,000 kwa mara moja. Samaki wakarudi, na baada ya miaka kumi hivi kiwango kikapita tani 250,000. Lakini matajiri walinunua mgao wa wadogo, na viko vijiji vya pwani ambavyo siku moja viliamka havina haki ya kuvua samaki anayeruka mbele ya gati yao, kwa sababu mwenye meli ameuza. Samaki walipona. Kuhusu uadilifu wa ule mgao wa kwanza, wenyewe Waiceland hawajamaliza kugombana.

Njia nyingine ni ndogo, nami kwa moyo wangu naipenda zaidi, ingawa najua haiwezi kuzuia meli-kiwanda. Katika mji wa Alanya, pwani ya Uturuki, wavuvi kiasi cha mia moja walikuwa wakigombana mpaka kupigana kwa ajili ya mahali pazuri pa kutega. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama chao kikaandika majina ya mahali pote. Kila Septemba wavuvi walipiga kura nani aanzie wapi. Kisha kuanzia hapo mpaka Januari kila siku kila mmoja alisogea mahali pamoja kuelekea mashariki, na baada ya Januari alisogea kuelekea magharibi. Kwa hiyo kila mtu alipata zamu ya mahali pazuri, na mwizi wa zamu alikamatwa bila askari, kwa sababu mwenye zamu alikuwapo pale pale na macho yake. Ugomvi ulimalizwa mkahawani. Mwanamama wa Kimarekani, Elinor Ostrom, aliutaja mfano huu katika kitabu chake cha 1990 kuonyesha kwamba baina ya soko na serikali iko njia ya tatu, ya watu wanaojuana. Na mwaka wa 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Karibu zaidi na kwetu, katika kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi ya kisiwa cha Bukini, wanakijiji walikubaliana mwishoni mwa 2004 kufunga sehemu moja ya mwamba wao wa pweza kwa miezi saba. Pweza si chewa. Huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua upesi mno, kwa hiyo aliyengoja huona ujira wa kungoja kabla hajasahau. Walipofungua walikuta pweza wakubwa. Vijiji vingine vikafuata, na uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2015, uliotazama mafungo 36 katika miaka minane, ulionyesha mavuno kuongezeka sana baada ya kufungua, wala kipato cha vijiji hakikuanguka wakati wa kufunga, kwa sababu kilichofungwa kilikuwa sehemu tu, na kwingine watu waliendelea. Habari hizo zimevuka bahari. Pemba, ambako kisiwa cha Misali kiliwekwa katika hifadhi tangu 1998, na ambako masheikh walishiriki kueleza habari za hima, yale malisho yaliyokatazwa kuguswa tangu zama za mwanzo za Uislamu, vimekuwako vijiji vilivyofunga mwamba wa pweza kwa miezi na kuufungua.

Ndipo mwezi uliopita, kijijini kwetu, sheha na bwana diko wakaita mkutano kuuliza kama sisi nasi tufunge. Wanaume wengi walikubali haraka, na sababu yake niliielewa pale bibi mmoja, mchokoaji wa miaka hamsini, alipoomba kusema. Alisema: "Nyinyi mna mashua, mwamba huu ukifungwa mtakwenda wa mbali. Sisi tunaokwenda kwa miguu, miezi mitatu tutakwenda wapi? Na siku ya kufungua, wazamiaji wa miwani watatoka vijiji vyote waje wawahi walio kwenye maji ya kina, sisi tukingoja maji yapwe. Tutakuwa tumewafugia wao." Akakaa. Bwana diko akasema labda kuwe na siku mbili za mwanzo za wanawake peke yao. Mwingine akauliza wageni watazuiwa kwa sheria gani. Mwingine akapendekeza ifungwe nusu ya kaskazini tu, na wenye nyumba za kaskazini wakaguna.

Yule mwanafunzi wangu alikuwapo, amekaa karibu na mlango. Tulipokuwa tukitoka alinisogelea, akaniuliza: "Maalim, hao watakaolinda usiku watakuwa wangapi?" Nikamwambia hilo halijaamuliwa bado, mkutano utaendelea Ijumaa baada ya sala.